Mashine mbovu kutoka ng'ambo: Siku za kudai huisha kreti ikiwa bado bandarini

WENYE viwanda vidogo wanaoagiza mashine kutoka ng'ambo kwa njia ya mtandao hupoteza madai yao mara nyingi si kwa kukosa haki, bali kwa kuchelewa. Muda wa kulalamika huanza kuhesabiwa wakati mzigo ungali njiani au bandarini, na siku mashine inapowashwa kwa mara ya kwanza, muuzaji huwa ameshalipwa senti ya mwisho.

Utapeli wa moja kwa moja, yaani kulipa na kuletewa kreti ya mawe, upo, lakini si huo unaomla mwekezaji mdogo. Unaomla ni ule wa nusu kwa nusu: mashine imekuja, inazunguka, ila haifanyi kazi iliyoandikwa kwenye tangazo.

Chukua mkamuaji wa alizeti wa Singida anayeagiza mashine ya kukamulia kwa dola 6,000 za Kimarekani, ikielezwa kuwa inakamua kilo 400 za mbegu kwa saa. Utaratibu wa kawaida wa wauzaji wa China ni asilimia 30 ya awali, hapa dola 1,800, na dola 4,200 zilizobaki kabla mzigo haujatoka kiwandani. Meli huchukua mwezi mmoja au zaidi kufika Dar es Salaam. Kisha kuna wakala wa forodha, kodi, lori la kilometa 700 hivi, msingi wa zege, na kumsubiri TANESCO avute umeme wa njia tatu. Mashine inawashwa. Inakamua kilo 230 kwa saa, mota inachemka baada ya nusu saa, na mashudu yanatoka yakilowanisha viganja.

Hasara ya mashine ya namna hiyo haionekani kwa macho, hivyo inafaa kupigiwa hesabu. Tani moja ya mbegu ikitoa mashudu kilo 650, na mashine nzuri ikiacha asilimia 8 ya mafuta ndani yake wakati hii mbovu inaacha asilimia 14, tofauti ni kilo 39, yaani lita 42 hivi kwa kila tani. Kwa tani 100 za msimu, ni lita 4,200. Hayo ni mafuta ambayo mkamuaji anayauza kwa bei ya mashudu. Juu yake kuna mkopo wa benki ambao marejesho yake hayaulizi kama mashine ni nzima, na wakulima wanaopeleka gunia kwa jirani kwa sababu foleni haisogei.

NANI AMESHIKA FEDHA

Swali la kwanza katika mgogoro wa namna hii si nani mwenye makosa. Ni fedha ziko mikononi mwa nani. Aliyelipa kwa TT moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji hana mtu wa kati wa kumlalamikia. Benki yake imetekeleza agizo lake na haina la zaidi. Muuzaji akitaka atajibu, asipotaka atanyamaza.

Aliyelipa kupitia mfumo wa ulinzi wa mtandao wenyewe, kama ule wa Trade Assurance wa Alibaba, kampuni iliyoanzishwa Hangzhou mwaka 1999, ana nafasi bora zaidi, kwani mtandao huo unaweza kuamua dai na kuagiza fedha zirudishwe. Lakini ulinzi huo unahusu tu fedha zilizopita katika akaunti iliyotajwa kwenye oda. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Muuzaji mwenye lugha tamu huandika kwamba akilipwa kwenye akaunti nyingine, nje ya oda, atapunguza bei kwa sababu anakwepa ada. Punguzo hilo la dola mia moja au mbili ndilo bei ya kuuza ulinzi wote.

Kadi za Visa na Mastercard zina njia yao: mwenye kadi huiomba benki iliyompa kadi ipinge malipo kwa hoja kwamba bidhaa si ile iliyoelezwa. Muda wake kwa kawaida ni siku 120, na benki za hapa nchini zinapaswa kupokea dai hilo hata kama kadi si ya mkopo, ingawa karani wa kaunta anaweza kuhitaji kuonyeshwa fomu yenyewe. Tatizo ni kwamba kadi nyingi zina kikomo cha matumizi ambacho hakitoshi mashine ya dola 6,000, hivyo kadi hubaki kuwa njia ya kununulia vipuri na vifaa vidogo.

PayPal huwapa wanunuzi siku 180 tangu kulipa ili kufungua mgogoro, na siku 20 baada ya hapo kuupandisha uwe dai rasmi. Muda huo ni mrefu na unavutia. Lakini masharti yake ya kumlinda mnunuzi yanaziondoa waziwazi mashine za viwandani zinazotumika katika uzalishaji. Mwenye kununua mashine ya kukamua, kusaga au kufungasha kwa njia hiyo anadhani amekaa chini ya mwavuli, kumbe mwavuli hauna kitambaa.

Barua ya mkopo ya benki, ambayo wafanyabiashara huiita LC, nayo hueleweka vibaya. Chini ya kanuni za kimataifa za UCP 600, zinazotumika tangu Julai 1, 2007, benki hushughulika na hati, si na bidhaa. Hati zikiwa sawa, benki inalipa, hata kama ndani ya kreti kuna chuma chakavu. Faida ya LC kwa mnunuzi ni moja: anaweza kuweka sharti kwamba miongoni mwa hati iwepo ripoti ya ukaguzi iliyotolewa na kampuni huru. Asipoliweka, hajajikinga na ubovu wowote.

SIKU ZINAZOHESABIWA

Mitandao mingi ya biashara huhesabu muda wa kudai tangu mzigo kupokelewa, na mara nyingi ni siku 30 au karibu ya hapo, kutegemea masharti ya oda. Neno la kuangalia ni "kupokelewa". Mnunuzi akikaa kimya, mfumo unaweza kuhesabu kwamba amepokea na ameridhika. Kwa mzigo wa meli unaochukuliwa na wakala wa mnunuzi mwenyewe, tofauti kati ya siku inayohesabiwa na siku kreti inapofunguliwa Singida, Mbeya au Kitale inaweza kuwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo muda huo unapaswa kujadiliwa kabla ya kulipa. Muuzaji makini hakatai kuandika kwenye oda kwamba siku za kudai zitaanza mashine itakapojaribiwa mahali pa kazi, au siku 90 tangu meli kuondoka, lolote litakalokuja mwisho. Anayekataa kabisa amejieleza.

Ipo pia kalenda ya Wachina. Katika sikukuu ya mwaka mpya wao, inayoangukia Januari au Februari, viwanda vingi hufungwa kwa wiki mbili au zaidi, na wiki ya kwanza ya Oktoba huwa ni mapumziko ya taifa. Muuzaji asiyejibu katika siku hizo si lazima awe amekimbia. Lakini muda wa kudai hausimami kwa ajili ya sikukuu, na dai linapaswa kuandikwa hata kama hakuna mtu ofisini wa kulisoma.

USHAHIDI UNAOPIMIKA

Dai linalosema "mashine hii ni mbovu, imenitia hasara kubwa, nirudishiwe fedha zangu" halina uzito, hata kama kila neno ni la kweli. Muuzaji amewahi kupokea barua kama hiyo mara nyingi na majibu yake anayo tayari: umeme wenu ni mdogo, mbegu zenu ni mbichi, fundi wenu hajui kufunga, mmeendesha bila kupasha moto. Kila jibu kati ya hayo linaweza kuwa kweli, na ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuyaziba yote kabla hajaulizwa.

Umeme upimwe kwa mita wakati mashine ikifanya kazi, si wakati imezimwa, na mita ipigwe picha. Umeme ukishuka, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kuchemka, na hilo ni kosa la waya au la gridi, si la kiwanda cha Henan. Unyevu wa mbegu upimwe. Mbegu zipimwe kwa mizani kabla ya kuingia, mafuta na mashudu yapimwe yakitoka, saa ikionekana kwenye picha ya video. Jaribio lifanywe mara tatu, siku mbili tofauti.

Bati la mota lipigwe picha karibu. Hapa ndipo madai mengi mazuri yamejificha. Mkataba unaweza kusema kilowati 15 na bati likasema 11, na jambo hilo halihitaji mtaalamu wala majadiliano. Vivyo hivyo kwa mashine zilizotoka Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60 kwa sekunde wakati wa hapa ni 50. Mota ya mizunguko 60 ikifungwa Arusha huzunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake: iliyoandikwa 1,750 kwa dakika itakwenda 1,450 hivi. Mnunuzi aliyeeleza kwa maandishi kwamba anahitaji mizunguko 50 ana dai. Ambaye hakusema ana somo.

Kreti lifunguliwe mbele ya kamera, kuanzia misumari ikiwa haijang'olewa. Mazungumzo yote na muuzaji yabaki ndani ya mtandao lilikofanyikia agizo. Ahadi zilizotolewa kwa simu au kwa WeChat zinaweza kuwa za kweli, ila msuluhishi wa mtandao hupima kwanza kilichoandikwa kwenye oda na kwenye kisanduku chake cha ujumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni pamoja na picha za skrini. Tanzania inayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua mikataba na kumbukumbu za namna hiyo, hivyo hazipotezi nguvu hata mambo yakifika mahakamani.

Ripoti ya mtu wa tatu ina thamani kubwa kuliko malalamiko kumi ya mnunuzi. Kampuni za ukaguzi kama SGS, Bureau Veritas na Intertek zinajulikana na wauzaji. Kwa mashine ya bei ndogo, maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mhandisi wa chombo kinachofahamika, kama SIDO lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, yanatosha kuonyesha kwamba kipimo hakikupikwa.

Kosa linalovunja kesi nyingi hufanywa na fundi mwenye nia njema. Msimu umebana, mteja anasubiri, fundi anabadilisha puli, anachonga skrubu ya kukamulia, anaongeza pete. Mashine inapata nafuu kidogo, na dai linakufa, kwa sababu muuzaji atasema mashine iliyoko Singida si ile iliyotoka kwake. Kuiendesha miezi miwili mfululizo huku ukidai kuirudisha nako hudhoofisha hoja. Kwa sheria ya mauzo ya bidhaa iliyorithiwa kutoka Uingereza na kutumika Tanzania na Kenya, mnunuzi anayekaa na bidhaa kupita muda wa kuridhisha bila kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa huhesabiwa kuwa ameipokea. Bado anaweza kudai fidia, lakini haki ya kuikataa imeondoka. Taarifa ya maandishi, hata ya mistari mitano, itangulie kazi yoyote.

Jambo jingine lisemwe bila kuzunguka. Wapo wanaomwomba muuzaji aandike ankara ya dola 2,500 badala ya 6,000 ili kupunguza kodi. Mbali ya kuwa ni kosa la forodha, ankara hiyo hugeuka kitanzi siku ya dai. Mashine za viwandani nyingi zimewekewa asilimia sifuri ya ushuru katika jedwali la pamoja la Afrika Mashariki, kwa hiyo kinachookolewa ni kidogo. Mnunuzi atakapodai dola 6,000, muuzaji atatoa hati yenye sahihi inayosema 2,500, na mnunuzi hawezi kuikana bila kujishtaki.

Uharibifu wa safarini ni dai la aina nyingine kabisa. Chini ya masharti ya FOB, na hata CIF, hatari ya mzigo huhamia kwa mnunuzi mara unapopakiwa melini katika bandari ya kuondokea. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa muuzaji amelipia nauli na bima katika CIF, basi anabeba hatari mpaka Dar es Salaam. Sivyo. Giaboksi lililopasuka kwa kreti kuanguka ni la bima, na bima ya CIF chini ya Incoterms 2020 ni ile ya kiwango cha chini, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa kanuni za Hague zinazotawala hati nyingi za shehena, uharibifu usioonekana kwa nje unapaswa kuripotiwa kwa mwenye meli ndani ya siku 3 tangu mzigo kukabidhiwa, na shauri lifunguliwe ndani ya mwaka 1. Siku 3 ni chache kuliko siku ambazo lori hulala Kibaha na Dodoma.

KAMPALA WANA SILAHA AMBAYO DAR HAWANA

Ni wachache wanaofahamu kwamba mnunuzi wa Kampala na yule wa Dar es Salaam, wakinunua mashine ileile kwa muuzaji yuleyule wa China bila kutaja sheria yoyote kwenye mkataba, hawako katika hali moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliosainiwa Vienna mwaka 1980 na kuanza kutumika mwaka 1988, unaihusu China tangu mwanzo. Uganda ilijiunga mwaka 1992, Burundi mwaka 1998, Kongo ya Kinshasa mwaka 2014 na Rwanda mwaka 2023. Tanzania na Kenya hazikujiunga.

Kwa mfanyabiashara wa nchi zilizojiunga, mkataba huo unatumika wenyewe, mradi pande mbili hazikuukataa. Unamtaka akague bidhaa katika muda mfupi unaowezekana na kutoa taarifa ya kasoro ndani ya muda wa kuridhisha, ukomo ukiwa miaka 2. Unampa pia haki ya kupunguza bei kwa kadiri ya kasoro, hata baada ya kulipa. Mnunuzi wa Tanzania au Kenya anaweza kuufikia kwa sentensi moja tu kwenye oda, inayosema kwamba mauzo haya yatatawaliwa na mkataba wa Vienna wa 1980. Sentensi hiyo haigharimu kitu.

Kwenda mahakamani au kwenye usuluhishi ni suala jingine. Tanzania ilijiunga na mkataba wa New York wa kutambua tuzo za usuluhishi mwaka 1964 na China mwaka 1987, hivyo tuzo iliyotolewa upande mmoja inaweza kukaziwa upande wa pili. Kwa kontena la mamilioni ya shilingi mia kadhaa, njia hiyo ina maana. Kwa mashine moja ya dola 6,000, gharama za wakili peke yake zitaimeza. Tume ya Ushindani ya Tanzania ina nguvu juu ya walio ndani ya nchi, si juu ya muuzaji asiye na ofisi hapa.

Kwa sababu hiyo mapatano ndiyo njia ya wengi, na mnunuzi anapaswa kujua anachokitaka kabla ya kuanza kuandika. Kurudisha mashine ya tani moja China karibu kila mara si jibu: nauli, kreti jipya na taratibu za forodha za huko hula kinachodaiwa, na muuzaji anayesema "irudishe tutakulipa yote" anajua hivyo. Toleo lake la kwanza la kweli huwa ni asilimia 5 au 10, au vipuri vya bure. Anayeonyesha mizani, video na picha ya bati la mota hana sababu ya kukubali hilo. Mashine iliyoahidiwa kilo 400 na kutoa 230 imepungukiwa asilimia 42 na kitu ya uwezo wake, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapaswa kuanzia. Mara nyingi mapatano yenye faida kwa mkamuaji ni mota sahihi na skrubu mpya zikija kwa ndege kwa gharama ya muuzaji, pamoja na fedha taslimu za kufidia wiki zilizopotea. Mota ikija baada ya msimu, imekuja kwa ajili ya mwaka kesho, na fidia iongezwe.

Wanaoagiza mara kwa mara hawafiki huko. Hulipa asilimia 30, huagiza mkaguzi huru aone mashine ikikamua mbegu, na si karanga, ndani ya kiwanda kwa gharama ya mamia ya dola, hulipa asilimia 60, na kushikilia 10 mpaka mashine ijaribiwe nyumbani. Wauzaji wengine hukataa kushikiliwa asilimia 10, na hapo hulinganishwa bei ya wakala wa Kariakoo au Industrial Area ya Nairobi: ni ghali zaidi, lakini ana mlango unaoweza kubishwa.

Vipuri vinavyotumwa bure kufidia kasoro haviingii nchini bure. Forodha huvitathmini kwa thamani yake, na ankara iliyoandikwa "sifuri" huvichelewesha. Muuzaji aambiwe aandike thamani halisi, aeleze kwamba ni mbadala chini ya dhamana, na ataje namba ya oda ya kwanza. VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania au 16 kwa Kenya juu ya vipuri hivyo iingizwe kwenye hesabu ya mapatano kabla mnunuzi hajabonyeza kukubali, kwa kuwa dai likishafungwa kwenye mtandao halifunguliwi tena kirahisi.